“Easily”, “readily”, “willingly”: kizuizi kingekuwa wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, na ripoti za wodini tunaandika kwa Kiingereza. Juzi niliandika “The patient easily accepted the operation.” Daktari akaikata “easily”, juu yake akaandika “readily”, akaendelea na kazi zake. Kamusi niliyonayo inasema yote mawili ni “kwa urahisi”. Halafu “willingly” na “voluntarily” inasema ni “kwa hiari”. Kama maana ni moja, nilisahihishwa nini? Na mgonjwa akikubali kwa shingo upande, niandikeje?

JIBU: Marahaba, dada. Daktari alisahihisha vizuri, ila alibaki na deni la maelezo. Ngoja nimlipie.

Kamusi yako haikudanganya. Kamusi ya lugha mbili inakuonyesha neno la jirani, lakini haikuonyeshi mpaka wa shamba unapita wapi. Na katika eneo hili Waingereza wamepitisha mipaka mahali ambapo sisi hatukupitisha. Sisi tunauliza kwanza kama jambo limekubali au limekataa. Kiingereza kinataka kujua zaidi: kama jambo hili lisingetokea, kizuizi kingekuwa wapi? Kingekuwa ndani ya kazi yenyewe? Ndani ya moyo wa mtendaji? Kwa mtu mwingine aliyesimama nyuma yake anamsukuma? Au kingekuwa kule kusitasita tu, zile dakika za kuvutana kabla ya kusema ndiyo? Ukishajua ni kizuizi gani ambacho hakikuwepo, neno umelipata.

“Easily” ni pale ambapo kazi yenyewe haikuwa na ugumu. “She lifted the box easily”: boksi halikuwa zito, au dada ana nguvu. Sasa rudi kwenye sentensi yako. Uliposema mgonjwa “easily accepted”, ulisema kwamba kazi ya kukubali haikumtoa jasho. Msomaji anashangaa, kwani kukubali ni mzigo? Mwingine atasikia jambo baya zaidi: kwamba huyu ni mtu asiye na msimamo, anayechukuliwa na yeyote atakayemshika mkono. Wewe ulikusudia kusema kwamba alielezwa, akaelewa, akasema ndiyo bila kusita. Kizuizi ambacho hakikuwepo ni kusita, na neno la hapo ni “readily”.

Lakini usiitupe “easily”, maana wodini utaihitaji kila siku, na hapo ndipo naona wenzako wengi wanateleza kwa upande wa pili. Mgonjwa anakwambia anachoka upesi, akipiga mswaki fizi zinatoa damu upesi, akigusa ukingo wa kitanda ngozi inavilia damu. Neno letu “upesi” linabeba mizigo miwili. Kuna upesi wa kasi, na kuna upesi wa kuchokozeka, yaani sababu ndogo tu inatosha. Kiingereza kinaitenganisha mizigo hiyo. Ukiandika “the gums bleed quickly”, msomaji anawaza damu inayotoka kwa kasi. Ukiandika “the gums bleed easily”, anaelewa kwamba mguso mdogo unatosha kuzitoa damu. Kwa daktari hizo ni habari mbili tofauti, na huenda zikampeleka kwenye vipimo viwili tofauti. Kwa hiyo: “tires easily”, “bruises easily”, “gets out of breath easily”, “is easily upset”. Kila unaposikia “upesi” ya namna hiyo, jiulize kama unaongelea saa au unaongelea kichocheo. Kama ni kichocheo, weka “easily”.

Kuna jambo hapa linalonifurahisha sana kila ninapolifundisha. Sisi tuna silaha ambayo Kiingereza hakina: kile kiambishi -ik- au -ek- tunachokipachika kwenye kitenzi. Barabara haipitiki. Chakula hakiliki. Maji haya yananyweka. Mwandiko wake hausomeki. Kitenzi kimoja kinabeba kitendo pamoja na habari ya kwamba kitendo hicho kinawezekana au hakiwezekani. Mwingereza, ili afike hapo, anapita njia mbili. Ya kwanza ni mkia wa “-able” au “-ible” alioupata kwenye Kilatini na Kifaransa: “drinkable”, “washable”, “edible”. Barabara isiyopitika ni “impassable”. Mwandiko usiosomeka ni “illegible”, na uwe mwangalifu hapo, kwa sababu “unreadable” mara nyingi ni kitabu kinachochosha, ingawa herufi zake zimechapwa vizuri kabisa. Vivyo hivyo na “understandable”. Sisi tunasema “inaeleweka” kwa mambo mawili, maneno yaliyo wazi na tabia ambayo mtu ana sababu nayo. “Her anger is understandable” ni hiyo ya pili: ana haki ya kukasirika, si ajabu. Mgonjwa ambaye maneno yake yanasikika vizuri baada ya kiharusi, usimwandikie “his speech is understandable” ukadhani umemaliza. Andika “his speech is clear” au “intelligible”.

Njia ya pili ni kukiacha kitenzi kama kilivyo na kukipa “easily” au “well” kiegemee. “This cup breaks easily.” “The shirt washes well.” Angalia kwamba ukiondoa hilo neno la mwisho sentensi inabaki inaning’inia. Sisi tunaweza kusema “kikombe hiki kinavunjika” kwa sauti ya kuonya, na mtoto akakishika kwa mikono miwili. “This cup breaks” kwa Mwingereza ni sentensi iliyokatwa katikati. Kwa hiyo unapotafsiri kitenzi chenye -ik- kinachoeleza tabia ya kitu, tarajia kuongeza “easily”, hata kama kwenye Kiswahili hukuona neno “kwa urahisi” popote.

Na kwa kuwa unashika dawa na spiriti: “flammable” na “inflammable” yana maana moja, kinachowaka kwa urahisi. Ile “in-” ya mwanzo si ya kukanusha, imetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Watu wanaoshughulika na usalama wa moto waliona hatari ya neno hilo, na katika karne ya 20 wakahimiza “flammable” iandikwe kwenye vyombo. Kisichowaka ni “non-flammable”. Kosa la hapo linaweza kuunguza stoo.

Neno moja kuhusu “rahisi” kabla hatujaendelea. Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni bei nafuu. Sokoni bado tunalitumia hivyo: embe leo ni rahisi. Kwa Kiingereza bei haiwi “easy”, inakuwa “cheap” au “low”. Na usimwite mtu “easy”, hasa mwanamke, kwa sababu ni tusi lile lile unalolisikia kwetu mtu akiitwa “rahisi”. Mtu mpole asiye na makuu ni “easy-going”, na hiyo ni sifa nzuri.

Sasa “readily”, ambayo ndiyo iliyokufikisha hapa. Mama yake ni “ready”, tayari. Fikiria mtu aliyekwisha kujiandaa, mkoba uko mlangoni, ukimwita tu anatoka. Ndiyo maana neno hili lina nyuso mbili na wala halijawahi kuzitenganisha: mtu anayekubali bila kusita, na kitu kinachopatikana au kinachotokea bila kusukumwa. “He readily admitted his mistake.” “The drug is readily available.” Kamusi ikikupa “kwa hiari” mstari mmoja na “kwa urahisi” mstari wa pili, inajaribu kuzishika nyuso hizo mbili kwa mikono miwili. Lakini sisi tunalo neno moja linaloshika zote mbili, nalo tunalitumia bila kulitambua: kukubali. Mtu anakubali, na kitu pia kinakubali. Mkulima anasema udongo huu unakubali mpunga. Dobi anasema kitambaa hiki hakikubali rangi. Hakuna anayedhani kwamba udongo una moyo, ila tunausemea kama mtu aliyeombwa akaitikia. “Readily” ya Kiingereza inafanya kazi hiyo hiyo, na tangu nilipoliona hilo sijaifundisha tena kwa neno “urahisi”.

Vijana wa Tanzania wanaosoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana na neno hili kidato cha kwanza na cha pili, kwenye somo la kemia, na hapo wengi hulimeza bila kulitafuna. “Sodium reacts readily with water.” Sodiamu ukiitia majini inaitikia papo hapo, huna haja ya kuichochea wala kuipasha moto. Dhahabu unaweza kuilaza majini mwaka mzima isitikisike. Mwanakemia hasemi “willingly”, kwa kuwa sodiamu haina nia. Akisema “easily” hatakosea sana, lakini atakuwa ameongelea ugumu wa kazi, na yeye anataka kuongelea utayari wa kitu. Mfano ulio karibu na kazi yako ni mgonjwa aliyelala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. “Carbon monoxide binds to haemoglobin far more readily than oxygen does.” Himoglobini huikubali gesi ile ya mkaa kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, ndiyo maana mtu anakosa hewa mwilini huku anapumua. Weka “willingly” kwenye sentensi hiyo uone inavyoharibika.

Tukiwa hapo hapo, tofautisha “readily available” na “freely available”. Ya kwanza ni dawa unayoikuta dukani bila kuhangaika, hata kama ni ya bei kubwa. Ya pili ni dawa isiyo na masharti wala kizuizi cha kuipata, na wasomaji wengine wataielewa kuwa ni ya bure. Kama unataka kusema haiuzwi, andika “free of charge” na usimwachie mtu kazi ya kubahatisha.

Basi kama kitu kinaweza kukubali, kinaweza pia kukataa, na hapa Kiingereza kina jambo la ajabu kidogo. Sisi tuko sawa pande zote mbili: gari limekubali kuwaka, gari limekataa kuwaka. Mwingereza, kitu kinapokataa, anakipa nia bila wasiwasi wowote: “The car won’t start.” “The drawer won’t open.” Hiyo “won’t” ni “will not”, na “will” kwa asili ni neno la kutaka. Kwa hiyo anasema, kwa maneno mengine, gari halitaki. Kidonda kimekataa kupona ni “the wound won’t heal”, na jana yake ilikuwa “wouldn’t”. Lakini kitu kinapokubali, nia ile anaipokonya. Hasemi “the car is willing to start”. Anasema tu “the car starts readily” au “easily”. Kwenye ripoti rasmi hata ile “won’t” iache kwa mazungumzo ya chumba cha chai. Andika “the wound has failed to heal”.

“Willing” na “willingly” ni za mwenye moyo. Binadamu kwanza, na pengine mnyama, kama punda anayebeba bila kuchapwa. Kizuizi ambacho hakikuwepo ni nia kupinga. Angalia vizuri, sikusema furaha ilikuwepo. Mtu anaweza kufanya jambo “willingly” huku linamuuma, kama mzazi anayeuza ng’ombe wake wa mwisho ili mtoto atibiwe. Ukitaka furaha iingie, tumia “gladly”, ambayo ni kwa moyo mkunjufu. “Glad” katika Kiingereza cha kale ilikuwa kung’aa, na mimi huwaambia wanafunzi waone uso wa mtu huyo umeng’aa.

Hapa “tayari” yetu inatuletea matatizo, kwa sababu imebeba watatu: “ready”, “willing” na “already”. Nimesoma barua nyingi za kuomba kazi zinazosema “I am ready to work in any region.” Mwajiri anayesoma kwa makini anaona mtu aliyefungasha mizigo, anayesubiri basi. Mwandishi alitaka kusema kwamba hatakataa akipangiwa mbali na kwao, na hiyo ni “I am willing to work in any region.” “Ready” inaongelea maandalizi, “willing” inaongelea kutokukataa. “I am ready to pay”: pesa iko mkononi. “I am willing to pay”: sina kinyongo na kulipa, pesa bado naitafuta. Mawakala wa nyumba na mashamba wa nchi zinazosema Kiingereza wanalijua hilo, ndiyo maana wanadai mnunuzi awe “ready, willing and able”. Maneno matatu, na kila moja linaziba tundu lake.

Neno hili “willing” limepita kwenye historia yetu pia. Baada ya uhuru wa Kenya mwaka 1963, mashamba ya walowezi yalihamishwa kwa msingi ulioitwa “willing buyer, willing seller”, mnunuzi aliye tayari na muuzaji aliye tayari. Mwaka 1979, makubaliano ya Lancaster House kuhusu Zimbabwe yaliweka msingi wa namna hiyo kwa miaka 10 ya mwanzo. Soma neno hilo kwa macho tuliyojizoesha leo: linasema kwamba moyo wa muuzaji haukulazimishwa. Halisemi kitu kuhusu bei, wala kuhusu mtu aliyeitaka ardhi kwa moyo wake wote akakosa fedha ya kuinunulia. Mtu wa namna hiyo ni “willing” sana, tatizo ni kwamba si “able”, na utaratibu ule ulimpita pembeni. Mimi naliona hilo kuwa zito kuliko sarufi, lakini ni sarufi inayolionyesha.

Kisha mwaka 2013, marais wa Kenya, Uganda na Rwanda walipokutana kupanga reli na miradi mingine bila Tanzania na Burundi, magazeti yakaubatiza umoja huo “Coalition of the Willing”, jina lililosikika sana wakati wa vita vya Irak mwaka 2003. Wengi kwetu waliumia, na kilichouma kilikuwa kwenye neno. Ukiwaita hawa “the willing”, wale waliobaki nje umewaita wasiotaka, bila kutamka. Novemba ya mwaka huo Rais Jakaya Kikwete alilizungumzia jambo hilo Bungeni Dodoma, akieleza kwamba Tanzania haina nia ya kuondoka kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kama umoja ule ungepewa jina la “the ready”, walio tayari kwa maana ya maandalizi, nadhani maumivu yangepungua. Anayebaki nyuma kwa sababu hajajiandaa hajatukanwa.

Usichanganye “willing” na “wilful”. Zimetoka tumbo moja, lakini “wilful” ni makusudi yenye ukaidi: “wilful damage” ni uharibifu wa makusudi.

“Voluntarily” ni neno la ofisini na mahakamani. Linatoka Kilatini, na linauliza swali moja tu: kuna mtu aliyelazimisha? Kama hakuna, ni “voluntary”, hata kama mhusika anatetemeka. Wewe unalijua hili kuliko mimi. Kile tunachokiita ushauri nasaha na upimaji wa hiari wa VVU ndicho “voluntary counselling and testing”, VCT. Mtu anaingia pale moyo unamdunda, pengine amerudi nyumbani mara mbili kabla ya kuthubutu. Huwezi kusema alikuja “gladly”. Lakini hakuburutwa, na hiyo inatosha kuiita “voluntary”. Kuchangia damu kwa hiari ni hivyo hivyo. Kwenye utumishi wa umma Tanzania, mtu akistaafu akiwa na miaka 55 ni “voluntary retirement”, na akifika 60 ni “compulsory”. Huyo wa 55 anaweza kuwa ameondoka kwa uchungu mwingi, sheria haimuulizi. Mahakama inapopokea ungamo la mshtakiwa, inauliza kama lilitolewa “voluntarily”, yaani bila kipigo, bila vitisho wala ahadi. Na kwenye mwili, “voluntary muscles” ni misuli inayotii amri yako, kama ya mkono. Moyo haukusubiri amri, kwa hiyo misuli yake ni “involuntary”. Hapo hata swali la kulazimishwa na mtu limeondoka, limebaki swali la nani anatawala.

Ukitaka kuyashika haya mawili yasikuponyoke, fikiria namna sisi wenyewe tunavyotumia maneno yetu. “Hiari” na “ridhaa” zilikuja kwa njia ya Kiarabu, na leo ndizo zinazokaa kwenye fomu na hukumu. Nyumbani mtu anasema “nimependa mwenyewe”, au “kwa moyo wangu”. “Voluntarily” na “consent” ni za kwenye fomu. “Willingly” ni ya Kiingereza cha jikoni, ya asili ya Waingereza wenyewe kabla Wafaransa wa Normandy hawajavuka bahari mwaka 1066 na kuwamwagia maneno ya Kifaransa. Kwenye fomu ya ridhaa ya upasuaji utaona “voluntarily”. Kwenye maelezo yako ya namna mgonjwa alivyokuwa siku hiyo, “willingly” ina joto zaidi. Wahenga waliosema hiari yashinda utumwa walikuwa wanaligusa tofauti ambalo Kiingereza kimeligawa kwa maneno mawili.

Mlango unaofunguka bila mtu, au maumivu yanayoondoka bila dawa, hayo hayana nia wala mlazimishaji. Kitu kimetokea “by itself” au “of its own accord”, na kitaalamu “spontaneously”. “The bleeding stopped spontaneously”: damu imekata yenyewe. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani na kurundikwa yanaweza kupata moto na kuwaka yenyewe, na huo unaitwa “spontaneous combustion”.

Halafu kuna “mwepesi wa”. Mwepesi wa hasira, mwepesi wa kusahau, mwepesi wa kudanganyika. Usitafsiri kwa “light”. Mara nyingi Kiingereza kina neno moja lililomeza wepesi huo: “irritable”, “forgetful”, “gullible”. Mwepesi wa kusaidia ni “obliging”, au “always ready to help”. Kama huna neno la namna hiyo, “quick to” inakutosha kwa tabia: “quick to anger”. Kwa mabaya yanayompata mtu au mahali mara kwa mara, chukua “prone to”: “prone to infections”, bonde ambalo ni “prone to flooding”. “Prone” kwa asili ni kuinama mbele, kulala kifudifudi, na wodini bado unaisikia hivyo mgonjwa anapogeuzwa alale kwa tumbo, “prone position”. Mtu aliye “prone to” jambo ameinamia upande huo, kusukumwa kidogo tu kunamwangusha. Usiitumie kwa mema. Mtu hawi “prone to success”.

Nimefika kwenye shingo upande. Kiingereza kina “reluctantly”, kutoka kitenzi cha Kilatini cha kupigana kinyume, na picha yake haiko mbali na shingo yetu iliyogeukia pembeni wakati mkono unatoa. Mtu wa “reluctantly” anasitasita, anaona uzito. “Grudgingly” ina kinyongo ndani yake: anatoa, lakini moyoni anamhesabia aliyepewa. Mgonjwa anayeogopa kisu ni “reluctant”. Shemeji anayelipia matibabu huku analalamika kwenye korido ndiye anayelipa “grudgingly”, na huyo hana nafasi kwenye ripoti yako. Akikataa kabisa, andika “declined” badala ya “refused”, kwa kuwa “refused” ina harufu ya ugomvi, na mgonjwa ana haki ya kukataa bila kuonekana mkorofi.

Usiandike “unwillingly” kwa mgonjwa wako aliyekubali shingo upande. Kwenye karatasi ya hospitali neno hilo linasomeka kama kwamba alipasuliwa bila kutaka, na mwanasheria akilikuta atalizungushia duara. “Reluctant” inaeleza hali ya moyo, lakini inaiacha ridhaa ikiwa ridhaa. Sentensi yako iwe hivi: “The patient was reluctant at first but consented after the procedure and its risks were explained.” Sehemu inayoanzia “after” usiiache hata siku ukiwa na wagonjwa 40 na kalamu inayokwisha wino, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kilichomgeuza shingo ni maelezo aliyopewa. Na yule wa kwanza, aliyesema ndiyo mara moja: “The patient readily agreed to the operation.” Nimeweka “agreed” mahali pa “accepted”, kwa kuwa “accepted” inafaa zaidi kwa kitu kinachopokelewa, kama zawadi au ushauri. Daktari wako aliliacha hilo lipite, nadhani kwa haraka ya kazi.